Jinsi ya kuelewa na kutumia neno PROSZĘ la Kipolandi (kwa wanaojiandaa kwenda Polandi na ambao tayari wapo huko)

Haya wadau, wengi wanaouliza habari za masomo na kazi Polandi wanaanza na viza na hela ya kuonyesha benki, lugha wanasema watajifunzia hukohuko. Sawa, ila kuna neno moja naomba mpande nalo ndege, nalo ni proszę. Utalipata dukani, kwenye tramu, hospitali, ofisi ya vibali, kwa mwenye nyumba, na kila sehemu utaona kama lina maana nyingine, ukifungua apu ya tafsiri inakupa "tafadhali" basi, halafu unabaki unashangaa mbona huyu mama nimemwambia ahsante akanijibu "tafadhali", na yule daktari nimegonga mlango akasema "tafadhali".

Dawa yake ni kuacha kulipitishia kwenye "tafadhali". Sisi tunaotumia Kiswahili tuna maneno mawili ya kila siku ambayo yanalimeza hili neno karibu lote: NAOMBA na KARIBU. Ukishayashika hayo mawili, robo tatu ya kazi imeisha, zilizobaki ni sauti na adabu.

(Kwa wapenda historia, hili neno sio geni kabisa kwetu. Tengeru pale Arusha kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi kuanzia 1942, maelfu ya watu, wengi wao akina mama na watoto waliotokea Siberia wakapitia Uajemi, na Uganda walikuwepo Masindi na Koja. Makaburi yao Tengeru yapo mpaka leo na yanatunzwa. Kwahiyo "proszę" ilishasemwa sana tu chini ya mlima Meru.)

Hatua ya 1: litamke kwanza

Linasomeka "PRO-she". Hiyo sz ni sh yao, na ile ę yenye kamkia ikiwa mwisho wa neno watu wanaitamka e ya kawaida tu, usijikaze puani. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kabisa, na hii ni bahati yetu kubwa maana Kipolandi karibu chote kinaenda hivohivo: PROszę, poPROszę, przePRAszam. Wenzetu wa lugha nyingine wanateseka hapo miezi, wewe umezaliwa nayo.

Angalizo moja tu, hiyo sh iwe nzito kidogo, ulimi uurudishe nyuma. Ukiilainisha sana kama unabembeleza mtoto inakaribia "prosię", na prosię ni mtoto wa nguruwe. Hawatakasirika, watacheka. Kuna na "proszek", hiyo ni unga au poda, utaiona kwenye sabuni ya kufulia, na "prosto" ambayo ni moja kwa moja, ndo maana ukiuliza njia utaambiwa "proszę iść prosto", nenda moja kwa moja. Maneno matatu yanafanana sikioni na hayahusiani, yatenganishe mapema.

Kwenye meseji wenyewe wanaandika "prosze" bila mkia, wavivu kama sisi tu. Ila kwenye barua ya ofisini weka mkia, kwenye simu unabonyeza e kwa muda inatokea.

Hatua ya 2: lijue linakotoka

Proszę ni kitendo, sio neno la mapambo. Kitenzi chenyewe ni prosić, kuomba. Kwahiyo proszę = ninaomba. Mimi proszę, wewe prosisz, yeye prosi, sisi prosimy, nyie prosicie, wao proszą. Ndo maana kwenye vibao vya makumbusho utakuta "prosimy nie dotykać", tunaomba msiguse, ni taasisi inaongea kwa wingi.

Ukiomba mtu kitu, mtu anakuja kwanza halafu kitu kinafuata baada ya ka-neno "o": proszę pana o pomoc, namuomba bwana msaada. Na ombi lenyewe ni prośba. Ukisikia "mam prośbę" ujue mtu ana jambo lake, kama mtu wa kwetu anavyoanza na "nina ombi moja", kaa sawa, kuna kitu kinakuja.

Hatua ya 3: dukani tumia POPROSZĘ

Hapa ndo utaishi nalo sana. Kuagiza kitu Kipolandi ni kama Kiswahili, huhitaji kusema nataka, unasema naomba. Neno la kuagizia ni poproszę, ni lilelile limeongezwa po- mbele, likawa kama "nitaomba". Proszę peke yake pia inaeleweka, ila poproszę haikuangushi popote, bakery, baa, dirisha la tiketi, ukiwa na wenzako unasema poprosimy.

Poproszę kawę. Poproszę herbatę. Poproszę bilet. Poproszę rachunek (hiyo ni bili).

Angalia kawa imekuwa kawę, herbata imekuwa herbatę. Maneno yanayoishia na a yanageuka ę hapo. Bilet haibadiliki. Ukikosea bado utapewa kahawa yako, usijinyime kahawa kwa ajili ya sarufi.

Sasa twende kwenye kaunta ya jibini na nyama, maana hapo ndo wageni wengi wanaogopa wanaishia kununua vilivyofungwa tayari. Kitu cha kwanza kujua, Wapolandi hapo hawaongei gramu, wanaongea deko. Deko 1 ni gramu 10, kwahiyo deko 20 ni gramu 200, robo kilo ni deko 25. Mazungumzo yanaenda hivi:

– Dzień dobry, co podać? (habari, nikupe nini?)
– Poproszę dwadzieścia deko sera żółtego. (naomba deko 20 za jibini ya njano)
– W plasterkach czy w kawałku? (slaisi au kipande?)
– W plasterkach, proszę.
– Coś jeszcze? (kingine?)
– To wszystko, dziękuję. (ni hivyo tu, ahsante)
– Proszę bardzo.

Hiyo ya mwisho anakukabidhi kifurushi, na kwa Kiswahili pale angesema "haya, karibu". Nimeweka jibini makusudi, maana szynka ambayo utaiona imejaa hapo ni nguruwe, wenzangu wa swala tano muwe macho.

Bakery nako unaweza kuomba "pół chleba", nusu mkate, ni kawaida kabisa hakuna wa kukuona bahili, na ukitaka uliokatwakatwa unaongeza "krojony". Ukifika kwa keshia anakuuliza "reklamówkę?", anataka kujua kama unahitaji mfuko wa kubebea. Unataka: poproszę. Hutaki: nie, dziękuję. Na kama amekosa sarafu ya chenji anaweza kukuomba umdai grosz moja (sarafu yao ndogo kabisa), yaani "mogę być winna grosika?", we mkubalie tu, ile sarafu hata ukiidondosha huinami kuiokota.

Hatua ya 4: lile la upande wa KARIBU

Umegonga mlango wa ofisi, ndani mtu anaita "proszę!" Hiyo ni karibu, ingia. Umeshikiwa mlango na mzee wa watu, anakuonyesha kwa mkono "proszę", yaani karibu, tangulia. Umekabidhiwa chenji, "proszę". Umeshukuru, "proszę" au "proszę bardzo". Umempisha mama mjamzito kiti kwenye tramu, unasimama unamwambia "proszę", huhitaji sentensi ndefu.

Ukienda nyumbani kwa mtu utaambiwa "proszę wejść", karibu ndani, "proszę siadać", karibu kiti, na chakula kikishawekwa mezani "proszę się częstować", karibuni mjichukulie. Wana msemo wao, gość w dom, Bóg w dom, mgeni akiingia nyumbani Mungu kaingia nyumbani, na wanautekeleza hasa mezani, ukimaliza sahani wanaongeza. Hapo ndo unahitaji hatua inayofuata, na ningeomba uisome polepole.

Hatua ya 5: poproszę ni ndiyo, dziękuję ni hapana

Mwenyeji anakuuliza "herbaty?", chai? Ukijibu "poproszę" chai inakuja. Ukijibu "dziękuję", ahsante, chai haiji! Kwao ahsante ikijibu swali la kukaribishwa ni kukataa kwa adabu. Na hili sisi tunalijua, mtu akikuambia "karibu chakula" ukajibu "ahsante" huku unaendelea na safari yako kila mtu ameelewa. Shida wengi tunakuwa tunafikiria kwa Kiingereza tukiwa kule, tunajibu dziękuję huku tumenyoosha kikombe.

Kukataa nyongeza bila kumuudhi mama mwenye nyumba: "dziękuję, najadłem się" kama we mwanaume, "najadłam się" kama mwanamke. Nimeshiba. Atakubembeleza mara mbili tatu hivi, kama kwetu tu.

Na mgahawani mtego huohuo unagusa mfuko. Bili ni zloti 46, we umetoa noti ya 100, mhudumu anakuja kuchukua unamwambia "dziękuję" kwa roho safi kabisa. Pale kuna uwezekano mkubwa akaelewa kwamba chenji ni yake, maana dziękuję wakati wa kukabidhi hela mgahawani inasomeka hivyo. Anaondoka anatabasamu na 54 zako. Ukikabidhi hela sema "proszę", tulia, subiri chenji, ikija ndo useme dziękuję na umwachie bakshishi unayotaka wewe. Kama kweli unataka abaki nayo sentensi yake ipo, "reszty nie trzeba".

Ukilipa kwa kadi hii stori haikuhusu, na kule kadi inapita karibu kila mahali.

Hatua ya 6: kuita watu, proszę pana na proszę pani

Kwetu ukitaka kumuita mtu usiyemjua una kaka, dada, mama, mzee, anko, shangazi, unachagua kwa kuangalia umri. Kule usimwite mtu baki mama, atakushangaa. Mwanamume yeyote mzima ni pan, mwanamke ni pani, na kumuita unatanguliza proszę: "proszę pana!" kwa mwanaume, "proszę pani!" kwa mwanamke, kundi la watu mchanganyiko "proszę państwa", hiyo utaisikia kwenye matangazo na hotuba. Watoto shuleni kutwa ni "proszę pani, proszę pani", hapo wanamuita mwalimu. Padri anaitwa "proszę księdza".

Hapa proszę haiombi chochote, imekuwa ka-adabu ka kufungulia mlango wa mazungumzo. Unaweza kuipachika hata katikati ya sentensi, "tak, proszę pani", ndiyo mama, "nie, proszę pana", hapana mzee. Mtu mzima ukimuongezea hiyo anakulegezea uso.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho vitabu vinakipita haraka. Ukimuita mwanamke ni proszę pani. Ukimuomba kitu ni proszę panią o..., mfano "proszę panią o pomoc". Herufi moja inatenganisha kuita na kuomba. Kwa wanaume haina shida, ni pana kotekote.

Halafu usimwambie mtu mzima usiyemjua "ty" (wewe), mpaka mwenyewe aseme muitane majina. Ni sawa na kumpita bibi bila shikamoo.

Hatua ya 7: ofisini na hospitali, hapo inakuwa amri

Proszę ikifuatwa na kitenzi ambacho hakijanyambuliwa inakuwa agizo lenye adabu. Proszę czekać, subiri. Proszę pobrać numerek, chukua namba (ya foleni, hii utaiona kwenye kimashine mlangoni, usikae kwenye kiti bila namba). Proszę wypełnić wniosek, jaza fomu ya maombi. Ofisi ya vibali vya kuishi, ile ya mkoa wanayoita urząd wojewódzki, utasikia hizi siku nzima, na sauti inaweza kuwa kavu kweli. Usichukulie kwamba anakuchukia, hiyo ndo lugha ya kaunta, ila pia usidhani kuna proszę basi una hiari. "Proszę wyjść" maana yake toka nje, na anamaanisha. Kwenye basi mkaguzi akisema "proszę przygotować bilety do kontroli" sio ombi la kulifikiria, toa tiketi.

Kwa daktari nako kuna mfuatano unajirudia kiasi kwamba ukiujua huhitaji mkalimani. Kwanza kwenye korido, foleni za kliniki nyingi hazina mstari, watu wamekaa tu kwenye viti, unaingia unasalimia "dzień dobry" halafu unauliza "kto ostatni?", nani wa mwisho? Mmoja anainua mkono, we uko nyuma yake, mchezo umeisha. Mlango unafunguka, "następna osoba, proszę", anayefuata karibu. Ndani: proszę usiąść, keti. Proszę się rozebrać do pasa, vua nguo za juu mpaka kiunoni. Proszę głęboko oddychać, vuta pumzi kwa nguvu huku kipimio chake cha baridi kinatembea mgongoni. Proszę nie oddychać, zuia pumzi. Proszę się ubrać, vaa. Hiyo nie ndogo kwenye kuzuia pumzi uisikilize vizuri, maana kwenye picha ya kifua ukipumua picha inaharibika mnarudia.

We mwenyewe usiwatumie rafiki zako muundo huu. Ukimwambia mwenzako wa chumba "proszę zamknąć okno" utasikika kama matroni wa bweni. Kwa rafiki unasema "zamkniesz okno?", utafunga dirisha? Swali tu, sauti laini, inatosha. Wapolandi kwa watu wao wa karibu hawaweki proszę kila sentensi, na wala sio ukali, kama sisi tunavyosema "nipe maji" kwa mdogo wako bila tafadhali na hakuna aliyekosewa heshima.

Hatua ya 8: hujasikia? PROSZĘ?

Sauti ikipanda mwishoni inakuwa "samahani, umesemaje?" Wengine wanasema "słucham?", nasikiliza, na hiyo ndo wanapokelea simu pia. Kusema "co?" ni "nini?" kavu kabisa, wazazi wanawakemea watoto, hatusemi co, tunasema proszę. Kama ulivyofundishwa ukiitwa uitike abee au naam badala ya nini, basi hapo umeshaelewa, sina cha kuongeza.

Hatua ya 9: sauti ikibadilika na maana inabadilika

Hizi huwezi kuzisoma, ni za kusikia, ila nakupa ramani.

"No proszę!" ikivutwa ni kumbe!, ona sasa! Umefaulu mtihani ambao hawakutegemea, utaisikia. Ile "no" hapo sio hapana, no ya Kipolandi iko karibu na "ndiyo, ee, basi", usichanganyikiwe kwenye simu mtu akiwa anaitika no, no, no, anakubali huyo.

"A proszę bardzo!" kwa sauti ya juu ni haya bwana, fanya unavyotaka. Uangalie uso, inaweza kuwa ukarimu na inaweza kuwa kisirani.

"Proszę cię" inategemea. Ikisemwa taratibu ni nakusihi. Ikisemwa huku mtu anapinda mdomo na kugeuza macho ni hebu niondolee hapa, toka zako.

Hatua ya 10: ndugu zake wawili, halafu barua

Przepraszam, tamka "psheprasham", ni samahani, na inafanya kazi mbili, kuomba radhi na kuomba njia. Kwenye tramu imejaa unataka kushuka, "przepraszam" moja watu wanajibana. Zapraszam ni nakukaribisha, keshia akifungua kaunta mpya ataita "zapraszam", kimbia huko, na mlangoni wakati unatoka kumeandikwa "zapraszamy ponownie", karibu tena. Ila rafiki akikuambia "zapraszam na kawę" mara nyingi anayealika ndo analipa, kwahiyo na wewe ukialika jipange.

Kwenye imeili ya chuo au ofisi, muundo salama ni "uprzejmie proszę o..." kisha jina la kitu unachotaka. Mfano unataka hati ya kuthibitisha we ni mwanafunzi:

Dzień dobry, uprzejmie proszę o wystawienie zaświadczenia o statusie studenta. Z góry dziękuję.

Hiyo ya mwisho ni natanguliza shukrani. Weka jina lako kamili na namba ya usajili chini, na kama unamtaja unayemwandikia andika Pan au Pani kwa herufi kubwa, kwenye barua ndo heshima yake. Wakikujibu "proszę o uzupełnienie braków" ujue karatasi fulani imepungua, soma tarehe ya mwisho waliyoandika kabla hujaanza kutafsiri hayo mengine.